Kijana anunua nyumba Uingereza: wakili ni wa nani, na wazee watie saini gani?





Miezi ya karibuni tumekuwa tukipokea swali la aina moja kutoka kwa wazee wa Unguja na Pemba wenye watoto Uingereza. Mzee mmoja alitungoja baada ya darsa, simu mkononi. Mwanawe anataka kununua nyumba Leicester. Benki imempa orodha ya mawakili achague humo, na wakili aliyemchagua anataka mzee atie saini karatasi kwamba pesa alizomtumia mwanawe, alizozipata kwa kuuza kiwanja, ni zawadi. Mzee akatuuliza: "Sheikh, wakili huyu ni wetu au wa benki? Na mimi zile pesa sikumpa, nimemkopesha."

Swali la mzee huyu linazigusa familia nyingi, na ndani yake mna maswali mawili. Tuyatazame moja moja.

Orodha ya benki ni kitu gani?

Katika England na Wales nyumba haiuzwi kwa maneno ya dalali tu. Mnunuzi huweka wakili wa uhaulishaji wa mali. Wakili huyo hukagua hati katika Masjala ya Ardhi, hufanya upekuzi kwa serikali ya mtaa na shirika la maji, husimamia mkataba, na hupokea arbuni, ambayo kwa kawaida ni asilimia 10 ya bei. Kisha siku ya makabidhiano hupeleka fedha zilizobaki na kusajili mmiliki mpya.

Benki inapotoa fedha, nayo hutaka haki yake ilindwe, na kwa hiyo huweka orodha ya ofisi za mawakili inazoziamini. Baada ya msukosuko wa fedha wa 2008 benki nyingi zilizifupisha orodha hizo kwa kuogopa udanganyifu. Mwaka 2012 benki ya HSBC ilifikia kubakisha ofisi 43 tu, na chama cha mawakili kikalalamika.

Kijana akichagua wakili asiyekuwemo, benki huweka wa kwake, na gharama yake mara nyingi humwangukia mnunuzi. Siku nazo huongezeka, na muuzaji akichoka kungoja humuuzia mwengine. Kwa hiyo swali la kwanza la kuuliza, kabla ya kulipa hata senti, ni hili: "Je, ofisi yenu imo katika orodha ya benki yangu leo?" Tunasema leo kwa sababu orodha hubadilika, na aliyekuwemo mwaka jana huenda ameshatolewa.

Wakili wa watu wawili

Katika mkopo wa kawaida wakili mmoja humwakilisha mnunuzi na benki kwa pamoja. Hapa ndipo penye hofu ya mzee wetu, na hofu yake ina msingi. Wakala katika sheria yetu ni amana. Urwa al-Bariqi, Allah amridhie, alipewa na Mtume, rehema na amani zimshukie, dinari moja akanunue mbuzi. Akanunua wawili, mmoja akamuuza kwa dinari, akarejea na mbuzi pamoja na dinari, na Mtume akamuombea baraka. Huyo ndiye wakili, hufanya kazi kwa maslahi ya aliyemtuma. Na mafakihi wetu wa Kishafi wameweka kwamba wakili wa kuuza hajiuzii mwenyewe, kwa sababu mtu mmoja hawezi kutafuta bei ya juu na bei ya chini kwa wakati mmoja.

Sheria ya Uingereza nayo inaitambua hatari hiyo. Maslahi ya benki na ya mnunuzi yakigongana, wakili analazimika kujitoa. Lakini familia ifahamu jambo moja: wakili huyu hawezi kuificha benki jambo linalohusu mkopo. Bei ikibadilika, au arbuni ikitoka kwa mtu mwengine, atataka idhini ya kuieleza benki, na akikataliwa ataacha kazi. Basi asiambiwe uongo, wala asiombwe kunyamaza.

Riba na njia mbadala

Msimamo wetu haujabadilika: mkopo wa riba ni haramu. Tunajua kwamba Baraza la Ulaya la Fatwa na Utafiti lilitoa rai mwaka 1999 ya kuruhusu kwa haja, na kwamba maulamaa wengi hawakukubaliana nalo. Lakini hali ya Uingereza leo si ya mwaka ule. Mwaka 2003 sheria iliondoa ushuru wa stempu uliokuwa ukitozwa mara mbili pale benki inaponunua kisha ikamuuzia mteja. Mwaka 2004 ilifunguliwa benki ya Kiislamu ambayo sasa inaitwa Al Rayan Bank, na zipo taasisi nyengine zinazotoa ushirika unaopungua, ambapo benki na mteja hushirikiana, mteja hulipa kodi ya fungu la benki na kulinunua kidogo kidogo. Mwenye uwezo wa kuipata njia hii hana udhuru wa kuiendea riba.

Na katika njia hii wakili ana uzito zaidi. Kijana hapo anaingia mkataba na benki yenyewe, benki ikiwa mshirika wake na mwenye kumkodisha. Basi awe na wakili wake peke yake, aliyewahi kuishughulikia mikataba hii, amsomee: nani atatengeneza paa, nini kitatokea akichelewa kulipa, na fungu la benki litauzwa kwa bei gani.

Zawadi au deni?

Sasa tumrejee mzee. Wakili haulizi asili ya fedha kwa ufidhuli. Sheria ya kuzuia utakatishaji fedha inamlazimisha. Mzee aliyeuza kiwanja aweke hati ya mauzo na karatasi za benki, na fedha zipite benki, si kwa mkono wa msafiri.

Ama ile karatasi ya zawadi, ndani yake huandikwa kwamba mtoaji hatarudishiwa fedha na hana haki yoyote katika nyumba ile. Anayetia saini huku moyoni ni deni amesema uongo kwa maandishi, na amejidhulumu. Akifa, warithi watadai deni. Kijana atatoa karatasi. Na ndugu watanuniana. Tumeshakaa vikao vya sulhu vya aina hii, na havina utamu. Aya ya 282 ya Suratul Baqara imetuamrisha kuandika deni na kuweka mashahidi. Basi deni liandikwe deni, na benki iambiwe hivyo, hata kama itapunguza mkopo au kukataa. Na akiamua iwe zawadi, awakumbuke watoto wengine, kwani uadilifu baina yao umeamrishwa.

Nyumba ya urithi huku nyumbani

Jambo la mwisho wengi hawalijui. Katika England, anayenunua nyumba akiwa tayari ana nyumba nyengine popote duniani huongezewa ushuru wa stempu. Tangu tarehe 31 Oktoba 2024 nyongeza hiyo ni asilimia 5. Kwa nyumba ya pauni 300,000 ni pauni 15,000. Fungu la nyumba ya urithi ya Zanzibar linaweza kuhesabiwa ikiwa thamani yake inafikia pauni 40,000, ingawa fungu lisilozidi nusu husamehewa miaka 3 ya mwanzo tangu kurithi. Mali ya mke na mume wanaoishi pamoja hutazamwa kwa pamoja. Na aliyewahi kurithi nyumba hapati nafuu ya mnunuzi wa mara ya kwanza.

Kwa hiyo kijana amueleze wakili wake kila kitu, na sisi huku tugawe mirathi mapema na tuandikishe mafungu. Nyumba ya marehemu iliyokaa miaka 20 bila kugawanywa sasa inamfuata mjukuu hadi Leicester.

Nasaha zetu kwa ufupi

1. Hakikisha wakili yumo katika orodha ya benki na amesajiliwa na msimamizi wa taaluma yake.
2. Dalali akikupendekezea wakili, muulize analipwa kiasi gani kwa kukupeleka. Ni haki yako kujua.
3. Taka gharama zote kwa maandishi.
4. Ukipata barua pepe kwamba akaunti ya wakili imebadilika, usitume fedha. Piga simu kwa nambari uliyokuwa nayo tangu mwanzo. Wezi wamewanyang'anya watu akiba za maisha kwa njia hii.
5. Usitie saini usichokifahamu, wala usichokiamini.

Mzee wetu alirudi kwa mwanawe, wakakubaliana liandikwe deni. Benki imepunguza kiasi, na kijana anatafuta nyumba ndogo zaidi. Tunamuombea Allah amtilie baraka ndani yake.

Wallahu a'lam.