Cha Kuazima

Kuna ushauri ambao watengenezaji wetu wa tovuti huupokea kama wahyi: eti maktaba za JavaScript, yaani zile programu ndogo zinazoufanya ukurasa ujibu ukiguswa, zisikae katika seva yako, bali kila mgeni akifika zikaletwe kutoka kwa kampuni kubwa ya ng'ambo. Naupinga ushauri huo.

Siku zake ulikuwa na mashiko. Mwaka 2008 Google walianza kugawa bure maktaba kama jQuery, na hoja ilikuwa hii: msomaji aliyekwisha kuipokea katika tovuti nyingine, kivinjari chake kingeitumia tena bila kuipakua upya. Lakini Safari iliacha kuchanganya akiba za tovuti mbalimbali mwaka 2013, Chrome ikafuata mwaka 2020, Firefox mwaka 2021, ili wapelelezi wa matangazo wasipate upenyo. Faida ile imekufa na kuzikwa, ila wanafunzi wangali wanafundishwa. Na mzigo wenyewe ni nini? jQuery ikibanwa ni kama kilobaiti 30, pungufu ya picha moja ya kawaida!

Hasara ndiyo iliyobaki. Februari 2024 jina la polyfill.io, lililokuwa likihudumia tovuti zaidi ya laki moja, liliuzwa kwa kampuni iitwayo Funnull. Ilipofika Juni, baadhi ya wasomaji wa tovuti hizo wakitumia simu walijikuta wamepelekwa kwenye kamari. Wenye tovuti hawakuwa wamegusa hata herufi moja. Mlango ulikuwa wao, ufunguo wa mwingine.

Nitaambiwa kuna dawa: kuandika alama ya uthibitisho, ili faili likibadilishwa kivinjari kilikatae. Naam, ipo, na ni nzuri. Ila polyfill.io ilitoa faili tofauti kwa kila aina ya kivinjari, basi alama moja ingethibitisha lipi? Tena alama hailileti faili njia ikikatika. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilikatika, intaneti ikazorota Tanzania, Kenya na Uganda. Seva iwe Dar es Salaam, msomaji awe Dar es Salaam, halafu kitufe cha kutuma fomu kingoje faili la Ulaya? Yapo makampuni yenye seva Nairobi na Mombasa, sikatai. Lakini si wewe unayeamua ombi lielekezwe wapi.

Wengine husema ukiiweka kwako utasahau kuibadilisha toleo jipya likitoka. Lakini anwani ile ya ng'ambo nayo kwa kawaida huandikwa na namba ya toleo, na namba hiyo haijibadilishi. Uvivu ni ule ule pande zote mbili.

Nikiletewa tovuti ya shule au ya chama cha ushirika niitazame, huanza kwa kuhesabu seva za watu wengine inazoziita. Majuzi nilikuta tisa, na tovuti yenyewe ilikuwa na kurasa nne.