Ndege ya kukodi ni deni, tusidanganyane

Naomba nianze kwa kuungama. Mwaka 2020 niliandika kwamba madeni ya shirika moja la ndege yamepaa ndani ya mwaka mmoja tu. Shirika silitaji, maana kosa lilikuwa langu. Nilichukua mizania ya mwaka wa nyuma, nikaiweka kando ya mpya, nikatoa, nikapata tofauti ya kutisha. Nikajiona mwandishi wa uchunguzi kabisa!

Kesho yake asubuhi akanipigia kaka mmoja mhasibu ambaye huwa namsumbua nikikwama na tarakimu. Hata salamu hatukumaliza. "Mdogo wangu, hizo ndege hazijakopwa mwaka huu. Zilikuwepo siku zote. Kilichobadilika ni kanuni ya kuziandika."

Ilibidi nimnunulie chakula cha mchana ndipo anieleweshe, na tangu siku hiyo hesabu za mashirika ya ndege nazisoma kwa jicho jingine.

Iko hivi. Shirika likinunua ndege kwa mkopo, ndege inaingia upande wa mali na mkopo unaingia upande wa madeni. Kila mtu anaona. Lakini likikodi, kanuni ya zamani (wahasibu wanaiita IAS 17) ilisema kama mkataba haukupi karibu faida na hatari zote za kuimiliki ile ndege, basi hilo ni pango tu. Unaandika gharama ya pango ya mwaka, unaendelea na maisha. Ndege haimo kwenye mali. Na ile miaka sita au minane ya pango uliyosaini kwamba utalipa, haimo kwenye madeni. Anayeitaka akaitafute kwenye maelezo ya nyuma ya kitabu, kurasa ambazo sisi waandishi tunazifikia tukiwa tumeshachoka.

Sasa hebu fikiria mashirika mawili yenye ndege kumi kumi za aina moja. La kwanza limenunua kwa mkopo, linaonekana limezama kwenye madeni hadi shingoni. La pili limekodi, linaonekana safi kama limetoka kuoga. Wakati yote mawili yana dola za kulipa kila mwezi, na yote mawili yasipolipa yananyang'anywa ndege.

Wenye fedha zao hawakudanganyika. Wachambuzi walikuwa wanachukua pango la mwaka, wanazidisha mara 8, wanaliongeza wenyewe kwenye madeni. Yaani kitabu kimekaguliwa, kimepigwa muhuri, halafu anayetaka kukopesha anakisahihisha kwa kalamu kabla ya kukiamini! Sir David Tweedie, aliyekuwa mwenyekiti wa bodi ya kimataifa inayotunga viwango vya uhasibu, aliwahi kutania kwamba kabla hajafa angependa kupanda ndege ambayo imo kwenye mizania ya shirika linaloirusha. Bodi hiyo hiyo baadaye ilikadiria kwamba makampuni yaliyo kwenye masoko ya hisa duniani yana ahadi za pango za dola trilioni 3.3, na zaidi ya asilimia 85 ya hizo hazionekani kwenye mizania. Ndipo ikaja IFRS 16, iliyotolewa Januari 2016 na kuanza kutumika tarehe 1 Januari 2019. Pango la miaka yote ya mkataba likaingia kwenye madeni. Na mimi nikaingia mkenge.

Najua kuna watakaobisha. Mimi nimepanga chumba Sinza, mbona hakuna anayesema nina deni la nyumba? Ni kweli. Lakini mimi nikishindwa nafunga virago, mkataba wangu wenyewe ni wa miezi sita. Mwaka 2007 ATCL yetu ilikodi Airbus A320 kwa mkataba wa miezi 72, pango dola 370,000 kwa mwezi. Piga hesabu: zaidi ya dola milioni 26. Ndege ilifanya kazi kama miezi sita, ikapelekwa matengenezo nje, ikaishia kukwama Ufaransa huku pango likiendelea kuhesabika. Aliyebaki na mzigo ni serikali, iliyokuwa mdhamini. Kwa kanuni ya wakati ule, mkataba wa namna hiyo ukiitwa pango la kawaida ulikaa nje ya madeni tangu siku ya kusainiwa. Kama hilo si deni, basi sijui deni linafananaje.

Kanuni mpya nayo ina vituko vyake. Ile gharama ya pango inavunjwa vipande viwili, uchakavu na riba, na riba inaandikwa chini zaidi kwenye hesabu. Kwa hiyo faida ya uendeshaji inanenepa kidogo bila abiria hata mmoja kuongezeka. Bosi akijisifia faida ya uendeshaji, mwulize ya kanuni ipi. Tena pango likiwa la kulipa kwa saa ambazo ndege imeruka tu, bila kiwango cha chini, haliingii kwenye deni. Mlango mmoja umefungwa, dirisha liko wazi.

Halafu kuna dola. Pango la ndege karibu lote ni la dola, na likishaingia kwenye madeni, kila shilingi inapoanguka deni linavimba papo hapo. Tazama majirani zetu. Mwaka 2023 Kenya Airways ilipata faida ya uendeshaji ya shilingi bilioni 10.5 za Kenya, lakini mwisho wa kitabu ikaandika hasara ya bilioni 22.7. Sehemu kubwa ya pengo hilo ilitokana na shilingi yao kuporomoka huku madeni yakiwa ya fedha za kigeni. Wapo walioona hasara wakasema ndege zinaruka tupu. Hazikuwa zinaruka tupu.

Turudi nyumbani, maana hapa ndipo panaponiuma. Ndege mpya zilizonunuliwa kuanzia 2016 hazikununuliwa kuwa mali ya ATCL. Zilikuwa za Wakala wa Ndege za Serikali, TGFA, na ATCL ikazikodi. Aprili 2021 CAG aliposema ATCL imepata hasara ya shilingi bilioni 60 kwa mwaka, na bilioni 150 kwa miaka mitano, nchi nzima ilipiga kelele. Wengine wakamlaumu CAG, wengine wakailaumu menejimenti. Wachache sana tuliuliza hilo pango linapangwa na nani na kwa bei gani, wakati mwenye nyumba na mpangaji wote ni mtoto wa baba mmoja. Pango likishushwa, ATCL inapendeza na TGFA inabeba. Likipandishwa, ni kinyume chake. Mlipa kodi ni yule yule, anahamishiwa tu kutoka mfuko wa kushoto kwenda wa kulia.

Mimi hasara ya ATCL peke yake sitaiandika tena kama habari kamili. Ripoti ya CAG inapotoka Aprili nitaanza na kurasa za TGFA, kisha maelezo ya nyuma, kisha ndiyo nisome hasara. Na mwenye hesabu kamili za pande zote mbili anitafute, chai na chapati juu yangu.