Gari 'Fadhili' Halina Fadhila

Mwanafunzi wangu mmoja alinijia hivi majuzi akiwa na tafsiri ya makala kuhusu Wamarekani wanaofufua magari ya kale. Gari ambalo huvuliwa injini, giaboksi na ekseli ili viungo hivyo vitiwe katika gari kuukuu, yeye alikuwa ameliita 'gari fadhili'. Nilimsifu kwa bidii yake, kisha nikalipiga neno hilo mstari mwekundu. Katika Kiswahili, afadhiliye hutoa kwa hiari na bila malipo. Gari hilo halina hiari, na waama, hakuna lolote katika kazi hiyo lipatikanalo bure.

Huenda msomaji akauliza mhadhiri wa isimu ana lipi la kusema kuhusu vyuma. Nilipokuwa Marekani masomoni, mwenyeji wangu, mwalimu mstaafu, alikuwa akiunda gari la aina hii, ambalo wao huliita stritirodi: kwa mapokeo yao, gari lililotengenezwa mwaka wa 1948 au kabla ya hapo, likatiwa mitambo ya kisasa ili litembee barabarani kila siku. Lake lilikuwa Ford ya 1940. Mimi nilikuwa mshika taa wake, na nikiwa na taa mkononi nilijifunza mengi.

Wapo wanaoshikilia kwamba njia bora ni kuokota kilicho kizuri kutoka kila gari. Hoja yao ina mashiko. Injini ya V8 ya Chevrolet iliyotokea mwaka wa 1955 ilipendwa kwa kuwa ni ndogo, nyepesi na imejaa kila mahali. Mitambo ya mbele ya Ford Mustang II, iliyoundwa kati ya 1974 na 1978, ilipendwa kwa kuwa ni myembamba na huingia vyema chini ya bodi za kale. Anayejua kuoanisha vitu hivi hufaulu.

Lakini je, asiyejua? Mwenyeji wangu alinunua ekseli ya nyuma pamoja na breki zake kwa bei ya kutupa, breki za mbele akazitoa katika gari jingine, na pampu kuu ya breki katika gari la tatu. Kila kifaa kilikuwa kizima. Siku moja ya mvua alipokanyaga breki, magurudumu ya nyuma yalikaba kabla ya yale ya mbele, gari likageuka ubavu na kuishia mtaroni. Alitoka na mkono uliovunjika. Majuto ni mjukuu.

Kwa hiyo maoni yangu ni haya: anayeanza na achague gari moja, kamili, linalotembea. Breki za gari moja zilisawazishwa na waliolibuni. Injini za siku hizi nazo hutegemea kompyuta, nyaya, vitambuzi na pampu ya mafuta, na mara nyingi hata ufunguo wake wenyewe. Anayenunua injini tupu atazinunua hizo zote kimoja kimoja, na hapo urahisi wa bei utageuka ughali. Aidha, gari linalotembea huweza kusikilizwa na kuendeshwa kabla ya kufunguliwa. Rundo la vyuma halisemi lolote. Lililogongwa nyuma laweza kufaa, mradi chesi haikupinda wala kiungo utakachohitaji hakikuguswa. Lililozama katika mafuriko halifai, kwani kutu huingia katika maungio ya nyaya, mahali ambapo jicho halifiki. Na lisilo na hati safi za umiliki ni balaa hata likitolewa bure.

Pili, apime kabla ya kulipa. Wengi huvutiwa na chesi nzima ya pikapu ya Chevrolet S-10. Basi natuhesabu. Katika Ford ya 1940, kutoka katikati ya gurudumu la mbele hadi katikati ya lile la nyuma ni inchi 112. S-10 fupi ina inchi 108.3, ile ifuatayo ina 117.9. Hakuna inayolingana. Ama uirefushe chesi kwa inchi 3.7 au uikate inchi 5.9, na kazi hiyo yahitaji fundi stadi wa kulehemu, kwa sababu uhai wa abiria utakuwa juu ya ungio hilo. Anayejua hivi mapema huamua akiwa na macho. Asiyejua huamua akiwa ameshalipa.

Walimu wenzangu, hili si jambo la Marekani pekee. Mafundi wetu wanaounda bodi za matatu juu ya chesi za malori ya Isuzu wanajua thamani ya futi ya kupimia kuliko wengi wetu wenye shahada. Tuwape wanafunzi kazi hii ya kulinganisha vipimo, na tuwape kwa Kiswahili. Usione vyaelea, vimeundwa.

Mwanafunzi wangu alirudi baada ya wiki moja. Sasa alikuwa ameandika 'gari la kuvuliwa viungo'. Ni refu, lakini halimdanganyi mnunuzi. Nilimpa alama zake zote.