Kompyuta Kuukuu Izimikapo Ghafula

Msomaji wetu mmoja wa Baraka, katika nchi ya Fizi, mwenye kibanda cha kupigia chapa barua na hati za watu, ametuletea swali ambalo bila shaka wengine wengi wanalo. Kompyuta yake ya mezani, ordinateri kama wasemavyo huko, aliinunua ikiwa imekwisha kutumika Ulaya miaka mingi. Sasa yazimika yenyewe mara tatu au nne kwa siku. Pengine huwaka tena palepale. Pengine kioo hugeuka buluu na kuandika maneno asiyoyaelewa, kisha kimya. Fundi aliyeitwa aliitazama dakika tano tu, akatoa hukumu: diski ifutwe yote, na Windows iwekwe upya. Lakini ndani ya diski hiyo mna alama za wanafunzi wa shule mbili, pamoja na hati za jamaa nyingi, wakiwamo waliorudi kwa meli kutoka makambi ya Tanzania tangu mwaka 2005, ambao karatasi zao ndizo ushahidi wao. Je, akubali?

Twamjibu upesi: asikubali. Kufuta diski kwaweza kuwa dawa ya programu zilizoharibika, wala hatukani. Bali kwa kifaa kibovu hakufai kitu, ni sawa na kumpaka rangi mgonjwa wa homa. Na iko njia nyepesi ya kutambua ni lipi kati ya hayo mawili. Mara tu baada ya kuwasha mashine, kabla Windows haijaanza, bonyeza kitufe cha kufungulia ukurasa wa mipango uitwao bayosi. Katika mashine nyingi ni F2 au Delete. Kisha uiache hapo nusu saa bila kuigusa. Ikizimika hapohapo, Windows haina hatia, maana haikuwa imeamka bado. Isipozimika, usiseme umepona. Huenda kasoro huonekana mashine ifanyapo kazi nzito tu.

Lakini kabla ya uchunguzi wo wote, hati zinakiliwe. Mwenye mashine inayozimika-zimika asijaribu kunakili yote kwa mkupuo mmoja. Aanze na zile ambazo zikipotea hazirudi: alama, hati za watu, hesabu za kibanda. Picha na nyimbo zitangoja. Mashine ikikataa kabisa, diski yaweza kufunguliwa na kuungwa katika kompyuta nyingine, na aghalabu hati zitaonekana mle bila shida. Ila diski ikitoa mlio wa kugonga, tik, tik, tik, izime mara moja. Diski ya namna hiyo yakaribia kufa, na kila kuwashwa kwaweza kuwa ndiko kwa mwisho. Iungwe mara moja tu, na flashi iwe tayari mkononi.

Hati zikiwa salama, sasa natuutazame umeme, maana hapo ndipo tunaposhuku zaidi. Baraka watu wengi hupata umeme wao kwa jenereta na kwa mabamba ya jua. Jenereta ndogo haina utulivu. Mtu akichomeka pasi, au mchomeleaji wa vyuma akianza kazi kwenye waya uleule, zile volti 220 hushuka ghafula, na akiacha hupanda. Redio haijali, taa hufifia kidogo tu. Kompyuta huzimika na kuwaka tena. Basi andika katika daftari saa ya kila kuzimika, na yale yaliyokuwa yakifanyika kwa jirani saa hiyo. Daftari la siku nne litakufundisha mengi kuliko fundi wa dakika tano. Ikiwa umeme ndio wenye kosa, nunua chombo cha kusawazisha volti, au bora zaidi kile chenye betri ndani, kikupacho dakika chache za kuhifadhi kazi. Tena zima kompyuta kabla petroli ya jenereta haijaisha, kwa kuwa mtambo unaokata roho hutoa umeme wa ovyo kabisa.

Hapa tuongeze jambo kwa wanunuao mashine zilizotoka Marekani. Nyuma yake, karibu na tundu la waya, baadhi zina swichi ndogo nyekundu yenye tarakimu 115 na 230. Ikiwa imeachwa kwenye 115, nawe ukaichomeka kwenye 220, utasikia mlio na kunusa moshi, na kisanduku cha umeme ndicho hicho kimekwenda.

Ikiwa mashine huzimika baada ya dakika kumi au ishirini za kazi, nayo ikipumzika huwaka vizuri, shuku joto. Prosesa ndiyo moyo wa kompyuta, na ikikaribia digrii 100 hujizima yenyewe isiungue. Ukurasa ule wa bayosi mara nyingi huonyesha joto lake. Digrii 40 au 50 si neno, 80 mashine ikiwa imekaa tu ni hatari. Na kisa ni nini? Ni vumbi. Kibanda kilicho kando ya barabara ya Uvira, tangu mwezi wa sita, hupokea vumbi la kila gari na kila pikipiki. Vumbi hilo likichanganyika na unyevu wa ziwa hugandamana kama blanketi juu ya chuma cha kupozea.

Kusafisha si kazi ya ajabu. Chomoa waya, bonyeza kitufe cha kuwashia kwa muda ili umeme uliobaki utoke, fungua ubavu, na uguse bati tupu kwanza, maana mwili wa mtu huchukua umeme mdogo uwezao kuua kifaa. Tumia brashi laini na pampu ya baiskeli. Usipulize kwa mdomo, utatia mate. Shikilia feni kwa kidole isizunguke. Chini ya chuma cha kupozea mna dawa ya kupitisha joto, nayo baada ya miaka hukauka kama chokaa. Ifute, utie mpya kadiri ya punje ya mchele. Wako watu wanaotia dawa ya meno badala yake. Hufaa kwa siku chache, kisha hukauka, na joto hurudi. Kisanduku cha umeme kisifunguliwe na asiye fundi: ndani yake volti zaidi ya 300 zaweza kukaa hata baada ya kuchomolewa.

Kioo cha buluu ni habari nyingine. Yakiandikwa maneno yaleyale kila mara, huenda ni programu. Yakibadilika kila mara, twashuku vipande vya kumbukumbu. Vichomoe, sugua meno yake ya rangi ya dhahabu kwa raba ya kufutia penseli, rudisha mpaka vibanio vilie. Vikiwa viwili, fanya kazi siku moja na kimoja, siku ya pili na kingine. Kibovu kitajitaja chenyewe. Iko na programu ya bure, Memtest86+, inayovipima toka kwenye flashi. Yahitaji saa kadhaa, nasi twajua bei ya petroli, lakini kosa moja likionekana yatosha, huna haja ya kungoja mwisho.

Mwisho, tazama ubao mkuu. Mna vikopo vidogo vya duara viitwavyo kapasita. Vichwa vyake hupaswa kuwa bapa. Vikiwa vimevimba au vinatoa uji wa kahawia, ndiyo maradhi yenyewe. Mbao nyingi zilizotengenezwa kati ya mwaka 1999 na 2007 zilitiwa kapasita mbaya. Hapo mwite fundi wa redio, maana yeye amezoea kuchomelea risasi. Aweke zenye kipimo kilekile, volti zisipungue, na upande wa hasi usigeuzwe.

Na ile saa inayorudi nyuma miaka kila asubuhi, iliyoulizwa mwisho wa barua, ni betri bapa tu ya volti 3, aina ya CR2032. Hubadilishwa kwa dakika mbili, bila kumwita mtu.