Kurudia Mtihani si Kulipa Ada Tu

Kijana wa Daudi, wilayani Mbulu, asiyefikisha krediti tatu katika mtihani wa kidato cha nne hapati nafasi ya kidato cha tano. Si haki kumhesabu kuwa amekwisha. Baraza la Mitihani la Taifa humruhusu kurudia akiwa mtahiniwa wa kujitegemea.

Hata hivyo, kulipa ada si kujiandaa. D ni alama 30 hadi 44, na C huanzia 45. Pengo hilo huzibwa kwa kusahihisha udhaifu wa jana, wala si kwa kukariri yale yale.

Lakini ashindaye kutwa shambani atajifunza lini? Wazazi hawana budi kumpunguzia kazi, na walimu wa kata kumtengea saa za jioni. Kumlipia ada na kumnyima muda ni kumwandalia kushindwa mara ya pili.