Msitufundishe Kuchechemea

Iko kasumba moja inayotembea mitaani kwetu, kutoka Mbagala mpaka Tegeta, nayo imevaa fulana ya michezo. Kasumba hiyo husema kwamba mkimbiaji wa kweli haachi mbio kwa sababu ya maumivu. Kijana akiumia goti, ajikaze kisabuni. Akiumia kisigino, ameze kidonge. Akianguka, ainuke akimbie, kwani Akhwari alifanya hivyo. Na baada ya kulitaja jina hilo, msemaji hunyamaza kama mtu aliyekwisha kushinda kesi.

Sisi twasema kesi hiyo haijaisha. Tena twasema shahidi wanayemleta ni shahidi wetu.

Kwanza tumpe John Stephen Akhwari haki yake. Mwana huyu wa Mbulu alikimbia marathoni ya Olimpiki katika mji wa Mexico tarehe 20 Oktoba 1968. Mji ule uko juu zaidi ya mita 2,200 kutoka usawa wa bahari, na hewa yake ni nyepesi. Kabla hajafika nusu ya mbio aligongana na wenzake, akaanguka, akaumia goti na bega. Alifungwa bandeji, akaendelea. Mshindi, Mamo Wolde wa Ethiopia, alitumia saa 2 dakika 20 na sekunde 26. Akhwari aliingia uwanjani zaidi ya saa nzima baadaye, giza limekwisha kuingia, kwa saa 3 dakika 25 na sekunde 27. Alikuwa wa mwisho katika watu 57 waliomaliza. Alipoulizwa kwa nini hakuacha, alijibu kwamba nchi yake haikumtuma mbali namna ile ili aanze mbio tu, ilimtuma amalize. Nani asiyemheshimu mtu huyo? Taifa lilikuwa changa, bendera yake ilikuwa na miaka minne, naye aliibeba mpaka mwisho. Hilo hatulipunguzi hata kidogo.

Lakini kwa nini wanaolisimulia jambo hili huishia Mexico? Kwa nini hawaendi mpaka Edinburgh? Mwaka 1970, katika Michezo ya Jumuiya ya Madola, Akhwari huyo huyo alikimbia marathoni kwa saa 2 dakika 15 na sekunde 5, akawa wa tano. Hiyo ni dakika 3 na sekunde 12 kwa kila kilomita, kilomita 42 mfululizo. Mguu mbovu hauwezi kazi hiyo. Mguu ule ulikuwa umepona, na haukupona kwa makofi ya watazamaji. Basi aliyechechemea siku moja, kwa mbio moja ambayo haina ya pili, ndiye yeye aliyerudi na miguu mizima. Mexico ilimpa sifa. Edinburgh ilionyesha ukimbiaji wake. Wanaotufundisha nusu ya habari wanatufundisha kuchechemea.

Tena katika mbio zile zile za mwaka 1968 alikuwamo Abebe Bikila, bingwa wa Olimpiki wa 1960 na wa 1964. Hakuna aliyekuwa na sifa kumzidi. Alianza akiwa na mguu unaouma, na baada ya kilomita kama 17 aliacha, akatoka njiani. Mwenzake wa Ethiopia, Wolde, akaendelea na kushinda. Je, kuna mtu Afrika nzima anayemwita Bikila mwoga? La hasha. Bingwa wa mara mbili alijua kwamba kuna siku ya kutoka. Kijana wa Tandika anayekimbia kupata medali ya bati, yeye akatazwa kutoka?

Sasa tuulize: kasumba hii yamfaa nani? Yamfaa mwenye kuandaa mbio. Hatusemi wote, maana wako wanaofanya kazi nzuri. Lakini wako wanaopokea ada ya watu elfu kadhaa, wakagawa fulana na medali, wakapiga muziki, na kwenye njia nzima huoni mtu wa kushika mguu wa mgonjwa wala gari la kumbeba aliyeshindwa. Kwa mtu wa namna hiyo hadithi ya shujaa anayechechemea ni faida tupu. Kila akiitaja, anaokoa mshahara wa mtaalamu wa viungo. Maumivu ya kijana yamekuwa akiba yake.

Kasumba hii ina ndugu yake mkubwa, iliyoachwa na watawala wa zamani: ati Mwafrika amezaliwa na mbio. Bikila alipokimbia Roma mwaka 1960 bila viatu, magazeti ya dunia yaliiona miguu mitupu. Hayakutaka kuyaona mazoezi marefu yaliyotangulia, wala mwalimu wake Onni Niskanen aliyempimia kazi siku kwa siku. Ukisema mtu amezaliwa na mbio, umejipa ruhusa ya kutompa mwalimu, kutompa kiwanja, na kutompa daktari. Mswahili hahitaji kuambiwa dharau hiyo ilitoka wapi. Ajabu ni kwamba leo twaisema wenyewe, kwa Kiswahili safi, tena kwa kujisifu.

Na mzigo wake hauwaangukii wote sawa. Ndani ya mji ule ule, anayekimbia Masaki akiumia ana gari, ana bima, na ana kiti cha kukalia ofisini hata mguu upone. Anayekimbia Mwananyamala, Manzese, Temeke au Mbagala, miguu yake ndiyo mtaji wake. Huyu ni mchukuzi wa Kariakoo, yule ni fundi mwashi, wa tatu ni mama ntilie anayesimama jikoni tangu alfajiri. Wakivunjika ugoko hawakosi mbio tu, wanakosa posho ya siku, na nyumbani sufuria haliinjikwi. Kwa hiyo jambo hili si la mchezo.

Tueleze basi namna kijana anavyoumia, ili asije mtu akasema ni bahati mbaya. Kijana huanza mazoezi kwa moyo. Mwezi wa kwanza pumzi yake hufunguka upesi, naye hufurahi na kuongeza kilomita na kasi kwa pamoja. Lakini mfupa na kano havifuati haraka ya pumzi. Vyenyewe hujijenga polepole, tena wakati wa kupumzika. Mwezi wa pili mapafu yanasema twende, mfupa unasema ngoja, na kijana anamsikiliza mwenye sauti kubwa. Ongeza raba za mtumba zilizokwisha soli. Ongeza kandokando ya Barabara ya Kilwa ilivyoinamia mtaroni, hata mguu mmoja ukawa unakanyaga chini kuliko mwenzake kila siku. Anayekimbilia ufukweni naye ajihadhari, maana mchanga laini huvuta kano ya kisigino. Mfupa wa ugoko huanza kupata ufa mdogo kama unywele. Wahenga walikwisha sema: usipoziba ufa utajenga ukuta.

Ufa huo una dalili zake. Maumivu hukaa mahali pamoja, ukipabonyeza kwa kidole unaruka. Huzidi kadiri unavyokimbia, na baadaye huuma hata usiku umelala. Hayo si maumivu ya misuli iliyochoka, ambayo hutawanyika na kuisha kwa siku mbili tatu. Mwenye dalili hizo aache kukimbia siku hiyo hiyo, aende Hospitali ya Temeke au ya Mwananyamala, na ikibidi apelekwe Taasisi ya Mifupa Muhimbili. Asidanganyike na picha ya kwanza ya eksirei, kwa maana mara nyingi haionyeshi ufa mchanga. Amweleze daktari kwamba yeye ni mkimbiaji. Kwa kawaida ufa wa ugoko unataka wiki sita hadi nane za kutokukimbia. Asiyetoa wiki nane aweza kulazimika kutoa mwaka.

Na vile vidonge vinavyopitishwa kwa siri kabla ya kuanza mbio? Kidonge huinyamazisha kengele, moto unabaki. Mkimbiaji anaukanyaga mguu mbovu bila kujua. Tena dawa za maumivu za namna ya diklofenaki na ibuprofeni, zikimezwa na mtu anayetoka jasho na kupungukiwa maji, zaweza kudhuru figo. Anayempa mwenzake vidonge hivyo ili asiangushe kikundi hamsaidii. Mficha maradhi, kifo humuumbua.

Nusu ya pili ya ugonjwa wetu ni kutojua mwendo. Twapenda anayetoka kama mshale. Filbert Bayi alitoka hivyo kule Christchurch mwaka 1974 akavunja rekodi ya dunia ya mita 1,500, na kila mtoto wa Dar es Salaam akataka kutangulia kama Bayi. Lakini Bayi alikuwa amejenga mwili wa kazi hiyo. Na hata yeye, katika Olimpiki ya Moscow mwaka 1980, mita 3,000 za kuruka viunzi, alitangulia mbali, na katika mzunguko wa mwisho akapitwa na Malinowski wa Poland. Medali ya fedha ni heshima kubwa. Somo lake pia ni kubwa.

Tutazame hesabu. Mtu anayetaka kumaliza kilomita 21 kwa saa mbili anahitaji dakika 5 na sekunde 41 kwa kila kilomita. Bunduki inalia, anavutwa na umati, anakimbia kilomita tano za mwanzo kwa dakika tano tano. Anajiona tajiri, kwani amepata faida ya dakika 3 na sekunde 25. Kufika kilomita ya 16 jua la Dar limepanda, hewa imejaa unyevu, jasho halikauki, miguu imekufa. Anatembea kilomita moja tu kwa dakika kumi, na faida yote imekwisha, tena kwa deni. Baya zaidi, mtu aliyechoka hivyo hukanyaga ovyo, na hapo ndipo goti huumia. Mbio za sakafuni huishia ukingoni.

Kinyume chake, mtazameni Alphonce Simbu. Tarehe 15 Septemba 2025, mjini Tokyo, alikaa ndani ya kundi kwa subira mpaka ndani ya uwanja, akampita Amanal Petros wa Ujerumani kwenye mstari. Wote wawili waliandikiwa saa 2 dakika 9 na sekunde 48. Tofauti yao ilikuwa sehemu tatu za mia za sekunde moja. Tanzania ikapata medali yake ya kwanza ya dhahabu katika ubingwa wa dunia wa riadha, na ililetwa na mtu aliyejua kungoja.

Kungoja huko tunaweza kujifunza wenyewe, bila kusubiri fedha ya mtu. Vikundi vyetu vya Temeke na Kinondoni vina kipimo bora kuliko saa ya bei kubwa, nacho ni wimbo. Anayeweza kuitikia wimbo akikimbia yumo katika mwendo wake. Anayehema asiitikie amezidi. Sehemu kubwa ya mazoezi ya wiki na iwe mwendo wa kuitikia. Siku moja iwe ya kasi, siku moja iwe ya safari ndefu, na siku moja au mbili za kupumzika kabisa. Anayeongeza, aongeze kidogo kidogo, na asiongeze urefu na kasi katika wiki moja. Miezi ya joto, kuanzia Desemba mpaka Machi, tutoke kabla ya jua, na tupunguze mwendo bila aibu.

Viongozi wa vikundi nao tunawaambia hivi. Majeruhi asitozwe faini, asichekwe, asiitwe mvivu. Apewe kazi ya kushika saa, kubeba maji na kuhesabu watu, hata apone, na akirudi aanze na nusu ya alichoacha. Waandaaji wa mbio waweke mtaalamu wa viungo, maji ya kutosha na gari la kuwabeba walioacha, na wayatangaze hayo pamoja na ada. Wasioyaweka tusiwape ada zetu. Na wenye mamlaka ya viwanja wakumbuke kwamba njia za kukimbilia zilizoko Chang'ombe, katika viwanja vya Uhuru na Benjamin Mkapa, zimejengwa ndani ya Temeke. Wawapangie vijana wa Temeke alfajiri zao pale, watoke kando ya malori.

Na wewe kijana, ukiulizwa Akhwari alifundisha nini, jibu kwa habari kamili. Alimaliza mbio ya Mexico kwa sababu taifa lilimtuma. Kisha akapona, na akaenda Edinburgh. Wewe hukutumwa na taifa kuuvunja mguu wako Jumapili asubuhi. Ukiuma, simama. Jumatatu kuna kazi.