Omena Juu ya Chandarua

Makala nyingi za toleo hili zimetokana na mahojiano, na lawama itakayofuata naijua: maneno ya watu si ushahidi. Lawama hiyo ina ukweli wake, ila mara nyingi hupiga pasipo.

Ukishuka kutoka Bonde la Lambwe, magharibi mwa Kenya, kwenda Mbita unalikuta Ziwa Victoria. Mwaka 2008 Noboru Minakawa na wenzake walichapisha utafiti wao wa vijiji saba vya wavuvi kandokando ya ziwa hilo: vyandarua vya kuzuia malaria vilikuwa vikianikiwa samaki, na vingine vikitumiwa kuvulia. Sasa mfikirie mtafiti anayebisha hodi nyumba kwa nyumba na dodoso lake: “Jana usiku ulilala ndani ya chandarua?” Nani atajibu hapana mbele ya mgeni mwenye kitambulisho shingoni, ambaye huenda ndiye anayeandika majina ya watakaopewa vipya? Hoji watu elfu moja, utarudi na ndiyo elfu moja.

Lakini kilichoonekana ufuoni nacho kilikuwa bubu. Mpita njia angesema ni ujinga, na semina ya elimu ya afya ingepangiwa bajeti jioni hiyo hiyo. Watafiti wale waliuliza. Wakaambiwa kwamba vyandarua ni vya bei nafuu au vya bure, na samaki hukauka upesi juu yake. Anayejua mvua ya ghafla inavyoweza kumharibia mama omena wake hatashangaa. Hiyo ni hesabu ya biashara, na hakuna jicho ambalo lingeiona bila kuambiwa.

Kwa maoni yangu, basi, tusimtake mtu atoe ushahidi juu ya tabia ambayo anajua inahukumiwa. Tumuulize sababu ya jambo ambalo yeye na sisi tumekwisha kuliona.

Bondeni kwenyewe kazi ni ngumu zaidi. Kuchunga ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Ruma ni marufuku, na majirani zake wana ng'ombe. Muulize mzee huchunga wapi kiangazi, ataanza kwa kukutazama viatu. Ukiwa umeongozana na chifu, jibu umeshalipata kabla ya kuuliza. Idadi ya mifugo nayo haisemwi ovyo. Wengine wako kwa shemeji, wengine ni mahari iliyoahidiwa. Na mzee hujibu kwa niaba ya boma zima, huku mkewe anayejua kuni zinatoka wapi amekaa nyuma, kimya.

Hata hivyo, ripoti za vita dhidi ya mbung'o waliolisumbua bonde hili hazitakueleza kwa nini familia fulani ilihama na jirani yake akabaki. Hilo utalipata kwa mzee huyo huyo, ukimpa muda. Miaka ataichanganya, sawa. Akisema walihama mwaka wa hifadhi, muulize ni ipi, ile ya akiba ya 1966 au ya taifa ya 1983.

Kuanzia toleo lijalo tunawataka waandishi waeleze nani aliuliza, kwa Kijaluo au kwa Kiswahili, nani alitafsiri, na nani mwingine alikuwa ameketi kivulini. Wenyeji waliozoea watafiti huanza wao kuuliza: “Mradi unaanza lini?” Tafadhali msilifute swali hilo mnaponakili kanda zenu. Tunataka kulisoma, pamoja na jibu mlilolitoa.